Mwaka Ambao Mji Mzima Ulichechemea

Mwiga jirani huchechemea kwa mwiba usiomchoma. Bibi Zuhura aliitamka methali hiyo bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele aliokuwa akiuchambua, na kwa alivyoitamka ilikuwa wazi kwamba amechoshwa. Wajukuu zake watatu walikuwa wamerudi kutoka Bondeni wakihema, kuja kumweleza kwamba kikundi cha Bondeni kinafanya mazoezi ya Siku ya Mwaka kikiwa kimevaa miwani ya jua, watu wote, tangu wapiga ngoma hadi wabeba bendera. Na wao basi, walisema, lazima wapate miwani ya jua kabla ya Ijumaa.

"Mwiba gani tena, Bibi?" aliuliza mkubwa wao, Rukia. "Sisi tunazungumza habari ya miwani."

"Kaeni chini," alisema Bibi Zuhura. "Miwani itangoja."

Methali hii, akawaambia, ilizaliwa hapa hapa Kisimachungu, na ilianzia kwenye mguu wa mama yake mzazi.

Zamani hizo mji wa Kisimachungu ulikuwa na mitaa miwili tu, Msufini na Bondeni, na kati yao ulipita mfereji ambao mtu mzima aliuruka bila kukunja nguo. Mfereji ulikuwa mdogo. Ubishi ndio uliokuwa mkubwa. Mwaka mzima watu wa mitaa hiyo waliombana moto na chumvi, wakauguzana, wakazikana, wakaoana. Lakini zikibaki siku arobaini kuifikia Siku ya Mwaka, kila mtaa ulimnunia mwenzake, na hata salamu zilitolewa kwa shida.

Sababu ilikuwa ngoma ya pembe. Siku ya Mwaka, watu wakishaoga na kumwaga majivu ya mwaka wa zamani, wanawake wa Msufini na wa Bondeni walikutana alasiri kwenye uwanja wa soko. Kila mchezaji alishika pembe ya nyati mkono wa kushoto na kijiti cha kuigongea mkono wa kulia. Mtaa ulioshinda ulikabidhiwa Pembe Kuu, ukaitunza mwaka mzima. Na zaidi ya hapo, wimbo wa mtaa huo ndio uliowasindikiza maharusi wote wa mji mpaka Mwaka mwingine. Wimbo mwingine haukuruhusiwa. Ndiyo desturi ilivyokuwa, na watu wa Kisimachungu waliogopa kuvunja desturi kuliko kuvunja mguu.

Manju wa Msufini, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, alikuwa Bi Mize binti Shauri. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyofika mbali na subira isiyofika popote. Kwa miaka minne mfululizo alikuwa ameshindwa na Bi Sikudhani, manju wa Bondeni, na kwa miaka minne maharusi wa Msufini walitolewa kwao kwa nyimbo za Bondeni. Ule wa mwisho ulikuwa wa kejeli kabisa:

*Msufini sufi tele, mto wa kulalia hawana.*

Hebu fikiria bibi harusi wa Msufini anatoka kwao, amepambwa, anatetemeka, na shangazi zake mwenyewe wanalazimika kumwimbia kwamba kwao hakuna hata mto. Bi Mize aliuvumilia wimbo huo kwenye harusi saba, meno yameumana.

Mwaka ule hakuweza kuvumilia tena, kwa kuwa binti yake wa pekee, Zuhura, alikuwa amechumbiwa, na mchumba mwenyewe alikuwa mtu wa Bondeni. Harusi ilipangwa wiki tatu baada ya Siku ya Mwaka. Bi Mize alikula yamini kwamba mwanawe hatavuka mfereji ule kwa wimbo wa kumdhihaki. Akakaa siku kadhaa akitunga, akirudia maneno aliyowahi kuambiwa na mama yake siku alipoolewa yeye, mpaka wimbo ukamkaa sawa:

*Nakutoa sikutupi, mwanangu usihofie,*
*Kizingiti hakihami, hapo kikusubirie.*

Na kiitikio chake kilikuwa hiki:

*Nenda mwanangu we nenda, mwendo wako naujua.*

Zuhura alipousikia mara ya kwanza alikuwa akisuuza vyombo. Aliacha sahani majini akaingia ndani, na mama yake hakumwita. Wote wawili walijua kwamba huo ndio wimbo.

Basi mazoezi yakaanza katika ua wa Bi Mize, wachezaji kumi na wawili, kila siku baada ya alasiri. Siku ya tatu manyunyu yakanyesha. Siku hiyo hiyo Hanuni, wifi yake Bi Mize, mwuza vitumbua aliyekuwa na miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi, alichelewa. Alipofika alikuwa amelowa, macho yamemtoka.

"Jamani, tumekwisha!" alisema. "Nimetoka Bondeni. Nimechungulia kwenye ua wa Bi Sikudhani. Mwaka huu wanacheza na miavuli!"

"Si mvua ilikuwa ikinyesha?" aliuliza Bi Mize.

"Mvua gani, wifi? Manyunyu tu!"

"Na wewe manyunyu yamekulowesha hivyo?"

Lakini nani alimsikiliza? Wanawake walikwisha kusogeleana. Miavuli! Ndiyo maana Bondeni wanashinda kila mwaka, wana mambo mapya. Kesho yake kila mmoja alikuja na mwavuli wake. Bi Mize aliwauliza jambo moja tu: ikiwa mkono mmoja una pembe na mkono wa pili una kijiti, mwavuli utashikwa na nani? Wakakaa wakafikiri, kisha wakaifunga miavuli mgongoni kwa kanga, imefunguliwa, kama watu waliobeba watoto. Wakigeuka waligongana. Siku hiyo nzima wimbo haukuimbwa hata mara moja, na Bi Mize alilala na kichwa kinamuuma.

Juma la pili Bi Mize alikanyaga mwiba. Alikuwa akianua nguo kwenye ua wa michongoma, na mwiba ukazama katika unyayo wa mguu wa kushoto ukakatikia humo. Mguu ukavimba. Aliendelea kufundisha hivyo hivyo, bega la kulia limeshuka, mguu wa kushoto anauburuta, na kila hatua ya tatu anasita kidogo kwa maumivu. Nyuma ya ua alikuwa akisikia watu wakikohoa na kusukumana, akajua ni wapelelezi wa Bondeni. Siku moja aliwamwagia maji ya vyombo. Wakatawanyika wakipiga kelele, na kesho yake wakarudi.

Siku nne baadaye Hanuni akaja na habari nyingine.

"Miavuli wanayo, tena wameifunga mgongoni kama yetu, wezi wakubwa! Lakini si hilo. Wana mwendo mpya. Mzuri huo! Bega la kulia linashuka, mguu wa kushoto unaburutwa, halafu hatua ya tatu, pap, wanasita."

Bi Mize alikuwa amekaa juu ya kinu, ameutumbukiza mguu wake katika beseni la maji ya chumvi.

"Hanuni," alisema, "huo mguu ni wangu."

"Wako vipi?"

"Ni wangu! Wameniona mimi ninavyochechemea! Nina mwiba, Hanuni! Huu hapa, utazame!"

"Ah, wifi nawe," Hanuni alijibu. "Kila kitu chako. Wenzetu wakibuni jambo zuri tuwape haki yao."

Na wakaanza kujifunza. Mbele ya macho yake, ndani ya ua wake, wanawake wazima wenye miguu salama wakajipanga mstari wakaanza kuchechemea. Walipokosea walimwomba Hanuni awaonyeshe tena. Hakuna hata mmoja aliyemwomba Bi Mize, ambaye mwendo ulikuwa wake na maumivu yalikuwa yake. Alitaka kucheka, alitaka kuwatukana, mwishowe akawageuzia mgongo akaendelea kukanda mguu.

Tangu hapo mambo yakaharibika zaidi. Kila alasiri, kati ya wachezaji kumi na wawili, saba au wanane walikuwa Bondeni nyuma ya ua wa Bi Sikudhani, wamebana pumzi wakisikiliza. Waliobaki walikuwa wakingoja zamu yao ya kwenda kuchungulia. Bi Mize aliwaimbia watatu, siku nyingine wawili, na siku moja alimwimbia Zuhura peke yake. Siku hiyo, alipofika kwenye kiitikio, akasikia mtu nyuma ya michongoma akikiitikia chini kwa chini, bila kukosea hata neno.

"Angalau hao wanasikiliza," alimwambia binti yake kwa hasira. Hakumwaga maji siku hiyo.

Mwiba ulitoka siku tano kabla ya Mwaka. Mguu ukapona, Bi Mize akatembea wima. Basi akawa yeye ndiye anayeharibu mstari! Walimwambia hivyo usoni pake, na Hanuni alimshika bega la kulia akalishusha. Bi Mize akauondoa mkono huo.

"Mimi nitatembea kama nilivyozaliwa," alisema. "Nyinyi niitikieni tu. Siku moja tu, niitikieni. Mnajua harusi ya nani inakuja."

"Tutaitikia, Bi Mize," wakasema. "Hilo nalo ni la kuambiwa?"

Siku ya Mwaka ikafika, na jua siku hiyo lilikuwa kali la kuchoma utosi. Mji mzima ulikuwa uwanjani. Mwamuzi alikuwa Bi Kazija, bibi kizee aliyeletwa kutoka kijiji cha mbali ili asiwe na upande, amekaa kwenye kiti na Pembe Kuu mapajani. Msufini wakaingia kwa upande wa juu. Bondeni wakaingia kwa upande wa chini.

Kutoka juu walikuja wanawake kumi na mmoja wamefunga miavuli mgongoni, imefunguliwa, katika jua lile, wakiburuta mguu wa kushoto. Kutoka chini walikuja kumi na wawili, miavuli mgongoni, wakiburuta mguu wa kushoto, na Bi Sikudhani mwenyewe yuko mbele, anaburuta kuliko wote. Hatua ya tatu pande zote mbili zikasita kwa pamoja. Mtu mmoja akacheka, kisha uwanja mzima ukaangua kicheko, watu wakashikana mabega.

Bi Mize, aliyekuwa wima peke yake, hakucheka. Alisubiri kelele zipungue, akafumba macho akaanza:

*Nakutoa sikutupi, mwanangu usihofie,*
*Kizingiti hakihami, hapo kikusubirie.*

Na nyuma yake wanawake wa Msufini, kwa sauti moja, kwa nguvu zao zote, wakaitikia:

*Bondeni maji baridi, mwenye kiu ateremke!*

Hicho kilikuwa kiitikio cha Bi Sikudhani. Walikuwa wamekisikia siku thelathini na kitu kupitia nyufa za ua, kikawaingia damuni. Cha kwao hawakukumbuka. Hanuni alifunika mdomo kwa mkono, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Bi Sikudhani naye, akidhani hapo ndipo pa kushindia, akaanza wimbo wake, na wanawake wake wakamwitikia kwa utamu kabisa: *Nenda mwanangu we nenda, mwendo wako naujua.*

Sasa hakucheka mtu. Mamanju wawili waligeuka nyuma kwa wakati mmoja kutazama watu wao, na nyuso zao zilifanana.

"Njooni hapa," alisema Bi Kazija. Wakaenda. "Nimetembea tangu alfajiri kuja kuamua ngoma mbili. Naona ngoma moja imejitazama kwenye kioo. Hii miavuli ni ya nani?"

"Ya Bondeni," alisema Bi Mize.

"Ya Msufini," alisema Bi Sikudhani papo hapo. "Sisi tulijifunika siku moja tu, manyunyu yalipotukuta. Wao ndio walioifunga mgongoni, nasi tukaona tusiachwe nyuma."

Bi Kazija akavuta pumzi. "Na huku kuchechemea?"

Bi Mize aliinua mguu wake wa kushoto akauweka juu ya kiti, karibu na goti la bibi kizee, akageuza unyayo. Kovu la mwiba lilikuwa bado jekundu.

"Nilikanyaga mwiba," alisema kwa hasira. "Mwiba wa mchongoma, nikianua nguo. Bondeni wakaniiga mimi. Wangu wakawaiga Bondeni. Mimi nimepona, mji mzima unaumwa!"

Bi Sikudhani aliutazama unyayo ule, kisha akautazama mguu wake mwenyewe, mzima, usio na alama. Polepole akauweka sawa chini.

"Mwiga jirani," alisema Bi Kazija, "huchechemea kwa mwiba usiomchoma." Akainuka, akaitia Pembe Kuu kwapani. "Hii nakwenda nayo kwangu. Mwaka huu hakuna mshindi. Mkiwa na ngoma yenu, njooni mniite."

Walimwomba, walimlilia, hakugeuka.

Na hapo ndipo Bi Mize alipoona msiba wake ulivyokuwa mkubwa. Mwaka usio na mshindi, kwa desturi, hauna wimbo. Maharusi husindikizwa kimya. Alirudi nyumbani akakaa sakafuni, kanga imemwanguka begani. "Hata maiti husindikizwa kwa tahlili," alimwambia Zuhura. "Wewe utatoka kwangu kimya kuliko maiti."

Wiki tatu zikapita, siku ya harusi ikafika. Alasiri, Zuhura alitolewa nyumbani amefunikwa, mama yake kulia, shangazi yake Hanuni kushoto, na nyuma yao wanawake wa Msufini wakitembea kimya, wanatazama chini. Njia nzima kilichosikika ni viatu tu. Ng'ambo ya mfereji Bi Sikudhani na wanawake wa Bondeni walikuwa wamesimama kumpokea bibi harusi, nao kimya.

Walipofika ukingoni Zuhura alisita. Hakulia, ila mama yake alihisi mkono wake umekuwa baridi kabisa. Bi Mize akasema moyoni, desturi na ivunjike, kama ni mguu nao uvunjike. Akaimba. Aliimba peke yake, beti mbili za mwanzo, sauti yake ikapita juu ya mfereji na juu ya mapaa. Kisha akanyamaza pale ambapo kiitikio huingia, akangoja.

Hanuni alifungua mdomo. Akaufunga. Kilichokuja ulimini mwake ni maji baridi ya Bondeni, na safari hii alikuwa na akili ya kukimeza. Wengine wakatazamana. Hakuna aliyekijua kiitikio.

"Siku arobaini!" Bi Mize aliwageukia, machozi yanamtoka. "Siku arobaini niliwaimbia! Mlikuwa wapi?"

Walikuwa Bondeni, wamebana pumzi nyuma ya ua. Kila mmoja alijua.

Ndipo kiitikio kikaja. Kilikuja kutoka ng'ambo, kwa sauti kumi na mbili:

*Nenda mwanangu we nenda, mwendo wako naujua.*

Walikijua chote. Walijua na ubeti wa tatu, ule ambao Bi Mize alikuwa ameuimba siku moja tu, mbele ya Zuhura peke yake. Bi Sikudhani aliuingilia kwa taratibu ile ile, akavuta neno pale pale Bi Mize alipolivuta. Wakaimba mpaka mwisho, pande mbili za mfereji, mmoja akitoa na wenzake wakipokea, na Zuhura akavuka.

Bi Mize alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nani aliwafundisha?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ulitufundisha mwenyewe, Bi Mize," alisema Bi Sikudhani. "Na maji ya vyombo ukatumwagia."

Bi Mize alitaka kukasirika. Alikuwa na haki hiyo. Lakini kicheko kilimshinda, akacheka na kulia kwa pamoja, huku akimtazama binti yake anakwenda, wima, kwa mwendo wake mwenyewe. Hanuni, Mungu amrehemu, yeye alikuwa ameizoea hatua ile, na mpaka alipozeeka, akiwa na haraka, alikuwa akiuburuta mguu wa kushoto.

Bibi Zuhura, ambaye uzeeni alirudi Msufini kukaa kwa binti yake aliyeolewa huko, akapeta mchele wake mara mbili.

"Sasa niambieni," alisema. "Hao wa Bondeni, miwani wameivalia nini?"

"Mtindo, Bibi," alisema Rukia, lakini hakulisema kwa nguvu kama mwanzo.

"Mmewauliza?"

Hawakuwa wamewauliza. Walikuwa wamechungulia tu. Mdogo wao, Mwanahawa, alijikuna shingo, akakumbuka jambo.

"Mwalimu alisema watoto wa Bondeni wasije shule wiki hii," alisema. "Kuna ugonjwa wa macho mekundu. Umeingia kila nyumba."

Rukia aliinamisha kichwa. Bibi Zuhura aliuweka ungo chini, akawatazama mmoja mmoja.

"Mwiga jirani," alisema, na wote watatu wakammalizia, "huchechemea kwa mwiba usiomchoma."